Vikinga Ugoko: Vinamlinda Mchezaji kwa Kiasi Gani?



 Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linalozihusu familia nyingi za jimbo letu, hasa zile zenye vijana. Misa ya Jumapili ikishamalizika na chakula cha mchana kikishaliwa, viwanja vya parokia na vya shule hujaa wachezaji wa kandanda. Wengine ni vijana wa VIWAWA, wengine ni wanafunzi wa TYCS, na pembeni wapo watoto wa Utoto Mtakatifu ambao mpira wao ni wa matambara yaliyofungwa kwa kamba. Hili ni jambo jema. Mchezo hujenga mwili, hufundisha kushirikiana, na huwaweka vijana mbali na vilabu vya pombe. Hata Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alicheza mpira alipokuwa kijana huko Wadowice nchini Polandi, na mara nyingi alikaa golini.

Hata hivyo, sisi wauguzi tunaifahamu pia sura ya pili ya mchezo huu. Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi ndipo wanapoletwa kwetu walioumia. Mmoja ana ugoko uliochanika, mwingine ana kifundo kilichovimba kama embe, na wa tatu amebebwa na wenzake kwa sababu mguu hauwezi kukanyaga. Wazazi wanaokaa nao kwenye benchi hutuuliza swali moja kila mara: "Sista, kama ningemnunulia vile vya kuvaa ndani ya soksi, asingeumia?" Na mzazi wa pili, aliyekaa karibu, hujibu kabla yetu: "Hivyo ni vya kupoteza fedha tu. Mbona wachezaji wa Ulaya wanavivaa na bado wanavunjika?"

Wazazi hawa wawili kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Jibu letu kwa ufupi ni hili: vikinga ugoko vinasaidia sana kwa jambo la kwanza, vinasaidia kwa kiasi kwa jambo la pili, na havisaidii hata kidogo kwa jambo la tatu. Mzazi akiyajua mambo hayo matatu, atajua pia fedha yake inanunua nini, na ni mambo gani ambayo hayanunuliwi dukani.

UGOKO UMEUMBWAJE

Pitisha kidole chako mbele ya mguu, kuanzia chini ya goti kuelekea kwenye kifundo. Utaugusa mfupa moja kwa moja. Nyuma ya mguu kuna misuli minene, lakini mbele kuna ngozi tu na mfupa. Mfupa huo ndio unaobeba uzito wa mwili tunaposimama. Pembeni yake, upande wa nje, upo mfupa mwingine mwembamba.

Kwa kuwa hakuna nyama ya kupunguza makali ya pigo, teke la ugokoni linauma kupita kiasi. Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: sehemu ya chini ya ugoko inapata damu kidogo kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili, nayo damu ndiyo inayoleta chakula na askari wa kupambana na vijidudu. Ndiyo maana kidonda cha ugokoni huchelewa kupona, na mfupa uliovunjika hapo, hasa ukiwa umetoboa ngozi, huchelewa kuunga na ni rahisi kuingiwa na usaha.

VILIANZA LINI

Vikinga ugoko si kitu kipya. Inaelezwa kwamba mwaka 1874 mchezaji wa timu ya Nottingham Forest ya Uingereza, Samuel Weller Widdowson, aliyekuwa pia mchezaji wa kriketi, alizikata pedi zake za kriketi akazifunga miguuni kwa mikanda, juu ya soksi. Baadaye wengine waliiga, vikapunguzwa ukubwa, vikaingizwa ndani ya soksi.

Pamoja na hayo, kwa zaidi ya miaka mia moja mchezaji alikuwa huru kuvivaa au kuviacha. Ni mwaka 1990 tu ambapo vilifanywa kuwa lazima. Leo vinatajwa katika Sheria ya 4 ya kandanda pamoja na jezi, kaptura, soksi na viatu. Sheria inataka vifunikwe kabisa na soksi, viwe vya kitu kinachofaa, na vitoe ulinzi wa kuridhisha. Tangu msimu wa 2024/25 sheria inasema pia kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha ukubwa na ubora wake. Hii ilifuatia mtindo wa baadhi ya wachezaji wakubwa kuvaa vikinga vidogo mno, huku soksi zimeshushwa chini. Vijana wetu wanayaona hayo kwenye televisheni na kuyaiga. Tunawasihi wasiige. Mchezaji yule ana daktari wa timu anayemsubiri kando ya uwanja, na mshahara wake unaendelea hata akiwa kitandani.

JAMBO LA KWANZA: NGOZI

Hapa vikinga vinasaidia sana. Sehemu kubwa ya majeraha ya ugokoni si kuvunjika bali ni michubuko, kuvilia damu na kuchanwa na njumu za viatu. Bamba gumu likikaa mbele ya ngozi, njumu haiigusi ngozi, na nguvu ya teke inasambazwa mahali papana badala ya kukaa pamoja kama ncha ya msumari.

Msomaji asidhani kwamba mchubuko ni jambo dogo. Viwanja vyetu vingi ni vya udongo, na mbuzi na ng'ombe hupita humo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na huingia mwilini kwa njia ya jeraha. Kadhalika, kidonda cha ugokoni kisichosafishwa kinaweza kugeuka kuwa donda kubwa linalokula ngozi kwa miezi. Kidonda ambacho kingezuiwa na bamba la plastiki huja kumgharimu mzazi dawa, bendeji, nauli, na siku nyingi za mtoto kukosa shule. Kwa sababu hii peke yake, vikinga vinastahili kununuliwa.

JAMBO LA PILI: MFUPA

Hapa vikinga vinasaidia, lakini kwa kiasi. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani ambao ndani yake aina mbalimbali za vikinga zilivishwa mfupa wa bandia, kisha uzito ukaangushwa juu yake kutoka kimo mbalimbali. Nguvu ya pigo ilipungua kwa asilimia 11 hadi 17 tu. Lakini mkazo ndani ya mfupa wenyewe, yaani kule kuvutika kunakoufanya uanze kupasuka, ulipungua kwa asilimia 45 hadi 51, karibu nusu. Wachunguzi hao waliona pia kwamba vikinga vyote vilisaidia, ila pigo lilipokuwa kubwa zaidi, tofauti kati ya kikinga kizuri na kibaya ilionekana wazi.

Tueleze kwa mfano wa nyumbani. Ukiliweka yai mezani na kulipiga kwa kijiko, linapasuka. Ukiliwekea juu yake kifuu cha nazi na kukipiga kifuu kwa kijiko kile kile, yai linapona. Lakini ukikipiga kifuu kwa mchi, yai halitapona. Vikinga ugoko vinazuia kijiko. Havizuii mchi.

Mchi huo ni nini? Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walieleza habari za wachezaji 31 waliovunjika mifupa ya mguu chini ya goti wakicheza kandanda. Karibu 9 katika kila 10 walikuwa wamevaa vikinga siku hiyo. Walivunjikaje? Wachezaji 13 waliumia katika kukabana kwa kuteleza chini, 8 waligongana na golikipa, 7 waligongana na mpinzani wakati wote wawili wakiurushia mguu mpira mmoja, na 3 walipigwa teke na mpinzani aliyesimama.

Mtu anaweza kusema: basi vikinga havina kazi! Tuwe waangalifu hapa. Madaktari wale waliwahesabu waliovunjika tu. Yule aliyepigwa teke, kikinga kikamwokoa, akaendelea kucheza, hakufika hospitali wala hakuhesabiwa. Kwa hiyo hesabu ile haituambii kwamba vikinga havifai. Inatuambia kwamba mtu anayevaa vikinga bado anaweza kuvunjika, hasa pale mwenzake anapomjia kwa uzito wake wote.

Mfano unaojulikana kwa wapenzi wa mpira ni wa Aaron Ramsey wa Arsenal. Tarehe 27 Februari 2010, katika mechi na Stoke City, alivunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia, katika ligi ambayo vikinga ni lazima kwa kila mchezaji. Alirudi kucheza mwezi Novemba mwaka huo, karibu miezi 9 baadaye, akiwa ameazimwa kwa Nottingham Forest, timu ile ile ya bwana Widdowson. Mwaka 2014 alifunga goli la ushindi katika fainali ya Kombe la FA. Tunamtaja ili kijana aliyelala na plasta asikate tamaa, na ili mzazi ajue kwamba uponyaji una muda wake. Kwa wale 31 tuliowataja, waliovunjika mifupa yote miwili walichukua wastani wa majuma 40 kabla ya kurudi mchezoni, waliovunjika mfupa mkubwa peke yake majuma 35, na waliovunjika ule mwembamba peke yake majuma 18.

Majuma 40 ni karibu mwaka mzima wa shule. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, ni mtihani wa taifa. Kwa kijana anayewalimia wazazi wake wazee, ni msimu mzima wa kilimo.

JAMBO LA TATU: GOTI NA KIFUNDO

Hapa vikinga ugoko havisaidii kitu, kwa sababu haviko hapo. Nasi lazima tuseme wazi kwamba majeraha mengi ya kandanda yanatokea kwenye kifundo, kwenye goti na kwenye misuli ya paja, na mengi ya hayo hayasababishwi na teke. Kijana anageuka ghafla, anaruka na kutua vibaya, au anakanyaga shimo uwanjani, na kano zinavutika au kukatika. Kwa wasichana wetu, ambao siku hizi wanacheza kandanda kwa bidii, kano za ndani ya goti huumia mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana.

Je, kuna vifaa vya kulinda kifundo? Vipo, na jibu lake linapendeza kulijua. Uchunguzi uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1994 uliwagawa wachezaji wakubwa wa kandanda katika makundi: wapo waliovaa kishikizo kigumu cha kifundo na wapo waliocheza bila hicho. Kwa wale ambao kifundo chao kiliwahi kuteguka, kishikizo kilipunguza sana kuteguka tena. Kwa wale ambao hawakuwahi kuteguka, hakikuonyesha faida. Hivyo basi, hakuna haja ya kila mtoto kufungwa vifundo. Anayehitaji ni yule aliyewahi kuteguka, na hata yeye anahitaji zaidi mazoezi ya kukirudishia kifundo nguvu, kwa mfano kusimama kwa mguu mmoja kila siku akihesabu hadi thelathini.

DAWA ISIYOUZWA DUKANI

Sasa tuje kwenye habari njema. Kinga ya goti na kifundo ipo, na haina bei. Ni kuupasha mwili moto kwa utaratibu kabla ya kucheza.

FIFA iliandaa mpango wa mazoezi unaoitwa 11+, wenye mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi. Huanza na kukimbia polepole kwa dakika 8, hufuata dakika 10 za mazoezi ya nguvu, ya kuruka na ya kusimama imara, na humalizika kwa dakika 2 za kukimbia kwa kasi. Mpango huo ulijaribiwa Afrika, katika ligi ya vijana ya Lagos nchini Nijeria. Vijana 416 wa timu 20, wenye umri wa miaka 14 hadi 19, walishiriki. Timu zilizofuata mpango huo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko timu zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida. Kwa majeraha ya miguu peke yake, upungufu ulikuwa asilimia 48. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Wapenzi wasomaji, tufikiri kidogo. Dakika 20 za mazoezi, bila shilingi moja, zilipunguza karibu nusu ya majeraha ya miguu. Je, sisi tunawaona vijana wetu wakifanya nini kabla ya mechi? Wengi wanafika refa ameshapuliza filimbi, wanavua mashati na kuingia uwanjani wakiwa wametoka kula ugali.

Kinga ya pili isiyonunuliwa ni refa mwenye msimamo. Mwaka 1998 sheria ilikazwa kwamba kumkaba mpinzani kutoka nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake ni rafu mbaya, na adhabu yake ni kutolewa nje. Refa wa mechi ya kigango akiogopa kutoa kadi nyekundu kwa sababu mchezaji ni mtoto wa mwenyekiti, anautega mguu wa mtoto wa mwingine.

Kinga ya tatu ni kuwa sawa. Mtoto aliye pekupeku asicheze dhidi ya mtoto aliyevaa njumu. Ama wote wavae viatu, ama wote wavue. Na watoto wa miaka kumi wasichanganywe na vijana wa miaka kumi na minane.

KUCHAGUA VIKINGA

Mzazi anayetaka kununua azingatie haya:

1. Kipimo. Kikinga kianzie vidole viwili juu ya mkunjo wa kifundo na kiishie vidole vitatu au vinne chini ya goti. Mtoto anakua, hivyo kipimo kiangaliwe kila mwaka. Usinunue kikubwa mno ili "akue nacho", kwani kitahama na kumkwaruza.

2. Ugumu. Nje pawe na plastiki ngumu ya kusambaza nguvu, ndani pawe na sponji ya kuipunguza. Ukiweza kukikunja kikinga kwa vidole viwili kama karatasi, hicho si kikinga.

3. Umbo. Kiwe na mviringo wa kuufuata mguu, na kisiwe na kingo kali.

4. Hali. Kikinga chenye ufa kitupwe. Kikivunjika wakati wa mchezo kinaweza kumkata mwenyewe.

5. Usafi. Kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Vikinga vya kuazimana bila kufuliwa huambukiza magonjwa ya ngozi.

Tunajua kwamba wazazi wengi hawana uwezo. Tumewaona vijana wakiingiza soksini vipande vya boksi au madaftari ya zamani. Tunawasifu kwa ubunifu wao, na boksi nene linaweza kupunguza michubuko, lakini likilowa jasho au mvua halina nguvu tena, na haliwezi kuulinda mfupa. Vipande vya dumu la plastiki ni vigumu zaidi, lakini kingo zake hukata kama wembe. Anayevitumia azilainishe kingo kwa msasa, azifunike kwa kitambaa kinene, na aweke sponji ndani. Hata hivyo, hiyo ni njia ya dharura tu.

Njia iliyo bora ni parokia kuwa na vikinga vyake. Timu mbili zikicheza, wanaoingia uwanjani ni 22. Jozi 22 za vikinga, zikiwekwa ndani ya sanduku katika ofisi ya parokia na kufuliwa baada ya kila mechi, zinaweza kuhudumia timu zote za vigango kwa zamu. Jumuiya ndogo ndogo zikichangia jozi mojamoja, mzigo hautamwelemea mtu.

MTOTO AKIUMIA

Vikinga vikiwepo au visiwepo, ipo siku mtu ataumia. Wakati huo ndipo mguu huokolewa au hupotezwa.

Tunamkumbuka kijana wa kidato cha tatu aliyeletwa kwetu siku ya nne baada ya mechi. Alipigwa teke na mfupa ukapata ufa, jeraha ambalo kwa kawaida hupona kwa plasta. Lakini watu waliotaka kumsaidia waliuchua mguu, kisha wakaufunga kwa mabanzi ya mianzi na kamba, wakaikaza kamba sana. Alipolia usiku kwamba kamba zinambana, aliambiwa avumilie, mwanaume halii. Alipofika kwetu vidole vilikuwa vyeusi na baridi. Madaktari hawakuwa na njia nyingine ila kuukata mguu chini ya goti. Teke halikumnyang'anya mguu. Kamba ndizo zilizomnyang'anya.

Kwa hiyo tunawaomba mfuate haya:

Kama ni mchubuko au kuteguka tu, mtoto aache kucheza mara moja. Awekewe kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, au barafu iliyofungwa katika kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, na kurudia kila baada ya saa mbili au tatu siku ya kwanza. Mguu ufungwe bendeji isiyokaza, uinuliwe juu ya mto. Kwa siku mbili au tatu za mwanzo usichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto, kwani moto na kuchua huongeza damu inayovuja ndani.

Kama kuna jeraha, lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto aletwe kituo cha afya kuulizwa habari za chanjo ya pepopunda. Msipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya breki.

Kama mguu umepinda, umeshindwa kukanyaga, au mfupa unaonekana, msijaribu kuunyoosha. Ufungwe kwenye ubao au mabanzi kuanzia juu ya goti hadi nyayo, kwa vitambaa vipana, na vidole viachwe wazi ili vionekane. Mgonjwa abebwe kwa machela au mlango, asipakiwe akining'iniza mguu. Mfupa ukiwa nje, mfunike kwa kitambaa safi na kumleta hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

DALILI AMBAZO HAZISUBIRI KESHO

Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Damu ikivuja humo baada ya pigo, msongo hupanda hadi mishipa ikabanwa, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Mlete mgonjwa upesi ukiona maumivu yanayozidi kupanda badala ya kupungua, maumivu makali pale vidole vinapokunjuliwa na mtu mwingine, mguu uliokaza kama ubao, ganzi, au vidole vilivyopauka na kuwa baridi. Kama mguu una bendeji au mabanzi, yalegezwe hapo hapo, kabla hata ya safari.

Kadhalika, mtoto akipata homa na maumivu makali ya mfupa siku chache baada ya kupigwa, huenda ni usaha ndani ya mfupa. Na uvimbe karibu na goti usioisha kwa majuma kadhaa, unaouma usiku wakati mtoto amelala, usiendelee kuitwa "alipigwa mpira". Kwa vijana, saratani ya mfupa huanza hivyo hivyo. Ni nadra, lakini ikigunduliwa mapema kuna tumaini.

NENO LA MWISHO

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu wa kulia na mzinga wa bunduki kubwa huko Pamplona mwaka 1521. Katika miezi ya kulala kitandani alisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, na maisha yake yakageuka. Mungu anaweza kulitumia hata jeraha. Lakini hatuna ruhusa ya kuyaacha majeraha yatokee pale tulipoweza kuyazuia.

Mapadre, makatekista na walezi wa vijana, tunawaomba mambo matatu kwa msimu ujao: asiingie mtu uwanjani bila vikinga, isianze mechi bila dakika 20 za kupasha mwili moto, na isichezwe mechi bila refa mwenye kadi mfukoni na mtu anayejua huduma ya kwanza pembeni. Kikundi kitakachotaka kufundishwa kufunga mabanzi kije hospitalini, nasi tutawafundisha bila malipo.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaomba vikinga, msimwambie kwamba ni anasa. Mkivipata, mpeni. Na mkishampa, mwambieni pia kwamba mguu wa mpinzani wake hauna kinga nyingine zaidi ya huruma yake yeye.